KATIKA WANYAMA, NANI HUMCHAGUA NANI?

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jambo ambalo kwa silabasi ya bayolojia tutalifikia mwaka ujao, katika mada ya mageuko ya viumbe, lakini mimi nimeshindwa kungoja. Jambo lenyewe ni hili: wanyama wanapotafuta wenzi, nani huchagua, anatazama nini, na uchaguzi huo unawafanya nini watoto na wajukuu wao?

Ukiuliza watu kumi hapa Kitengela, wengi watakwambia dume ndiye anayechagua. Si ndiye mwenye pembe? Si ndiye mwenye sauti na ngumi? Katika mdahalo wa chama chetu muhula uliopita, mwenzetu mmoja alisimama akasema eti simba dume ni mfalme, majike humfuata tu anakokwenda. Alipigiwa makofi mengi. Makofi yalikuwa mazuri, ila hoja yenyewe ilikuwa hafifu. Kwa wanyama walio wengi dume hujipamba, huimba, hucheza na kujigamba, na jike hukaa kando akitazama. Akipendezwa, vyema. Asipopendezwa, huyo anaenda zake kwa jirani.

Kwa nini iwe hivyo? Mtazame kondoo. Jike hubeba mimba karibu siku 150, kisha ananyonyesha. Dume yeye kazi yake ni ya dakika, na kesho anaweza kurudia kwa mwingine. Kwa hiyo jike akikosea amepoteza msimu mzima, dume akikosea hajapoteza kitu cha kumnyima usingizi. Mtaalamu mmoja Mmarekani, Robert Trivers, aliliweka jambo hili wazi mwaka 1972: yule anayegharimika zaidi kwa watoto ndiye anayekuwa mgumu kuridhika, na yule anayegharimika kidogo ndiye anayelazimika kushindania nafasi.

Tena ushahidi mzuri ni pale mambo yanapogeuka. Kuna ndege wa madimbwini mwenye vidole virefu ajabu, anayetembea juu ya majani ya yungiyungi kana kwamba anatembea sakafuni. Ukifika Ziwa Naivasha utamwona. Kwa ndege huyu dume ndiye anayelalia mayai na kulea vifaranga. Na je, nani mkubwa wa mwili, nani anayepigania eneo, nani mwenye wenzi wengi? Jike! Kumbe si uume wala uke unaoamua. Ni gharama ya malezi.

Mbuni wa nyanda zetu za Athi na Kapiti yuko katikati. Msimu wa kuzaana ukifika, shingo na mapaja ya dume huwa mekundu-waridi. Dume hupiga magoti mbele ya jike, akayumbisha mabawa kushoto na kulia, shingo nayo ikifuata. Anayemwona mara ya kwanza hudhani ni mgonjwa. Lakini dume huyohuyo hulalia mayai usiku, kwa kuwa manyoya yake meusi hayaonekani gizani, na jike wa kwanza huchukua zamu ya mchana na manyoya yake ya rangi ya vumbi. Majike wengine huja kutaga katika kiota hicho hicho na kuondoka. Brian Bertram, aliyewachunguza mbuni wa Tsavo Magharibi, aligundua kwamba mayai yakizidi yale yanayoweza kufunikwa, jike wa kwanza huyasukuma nje mayai ya wenzake na kubaki na yake. Anayajua. Mimi yai la mbuni nikiliona naona yai tu.

Sasa tuje kwenye fumbo kubwa. Charles Darwin aliposema kwamba viumbe hubadilika kwa sababu wanaofaa zaidi mazingira ndio wanaoishi na kuzaa, kuna kitu kilimsumbua: mkia wa tausi. Mkia mzito kama ule unamsaidia nini? Kukimbia chui hausaidii, kutafuta chakula hausaidii. Mwaka 1860 alimwandikia rafiki yake kwamba kila akiutazama unyoya wa tausi anahisi kichefuchefu. Jibu lake alilitoa katika kitabu cha mwaka 1871: mkia upo kwa sababu majike wameupenda, kizazi baada ya kizazi, na madume waliokosa mkia mzuri hawakuacha watoto wengi. Wakubwa wa sayansi wa enzi hizo hawakuridhika. Kwamba dume hupigana na dume mwenzake, hilo walilikubali upesi. Kwamba jike wa ndege ana jicho la kuchagua, na jicho hilo linaweza kuunda mwili wa dume, hilo liliwashinda kumeza. Nadhani walikuwa na mawazo kama ya yule mwenzetu wa mdahalo.

Zikapita zaidi ya miaka mia moja. Na jaribio lililojibu ubishi huo halikufanywa Uingereza wala Marekani. Lilifanywa hapa hapa Kenya, kaskazini ya kwetu, katika uwanda wa Kinangop ulio kati ya Bonde la Ufa na milima ya Aberdare.

Kinangop kuna ndege wa jamii ya kwera na kweche, ambaye wataalamu humwita Euplectes progne. Tumwite kweche wa mkia mrefu. Jike ana rangi ya kahawia kama shomoro, mkia mfupi. Dume msimu wa kuzaana ni mweusi tititi, ana bega jekundu, na mkia wake unafika nusu mita. Mwili wenyewe ni mdogo unaenea kiganjani! Huruka polepole juu ya nyasi za eneo lake, mkia umening'inia na kupanuka, akionekana kutoka mbali. Upepo ukiwa mkali anahangaika. Majike huja, wakajenga viota katika nyasi za dume waliyempenda, kisha wanalea peke yao. Waliosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, hawakumwona ndege huyu, maana yeye ni kizuri na bado anajitembeza kutwa.

Malte Andersson, mtaalamu kutoka Uswidi, aliwakamata madume 36 na kuwagawa katika makundi manne, kila kundi ndege tisa. Kundi la kwanza aliwakata mkia, ukabaki kama sentimita 14 hivi. Vile vipande alivyokata hakuvitupa, bali aliwabandika kwa gundi kundi la pili, mikia yao ikaongezeka kiasi cha sentimita 25. Sasa hapa ndipo nataka wanafunzi wa sayansi wasimame kidogo. Kundi la tatu aliwakata mkia halafu akawabandikia mkia wao wenyewe, urefu ule ule. Kwa nini ajisumbue hivyo? Kwa sababu mtu angeweza kusema: labda ni kushikwa, au gundi, au mkasi uliowachanganya ndege. Kundi la nne aliwaacha bila kuwakata. Kila siku mwalimu wetu akisema "bila kikundi cha kulinganishia hujafanya jaribio, umefanya mchezo", mimi hukumbuka kundi hilo la tatu.

Kabla ya kukata na kubandika, alikuwa amehesabu viota katika eneo la kila dume, na makundi hayakutofautiana. Baadaye akahesabu viota vipya. Madume walioongezewa mkia walipata viota vipya vingi kuliko wote, kuliko hata wale wenye mkia wao wa kawaida. Na je, waliokatwa walinyang'anywa maeneo yao na madume wenzao? Hapana, waliyashika vilevile. Maana yake mkia haukuwa wa kutisha madume. Ulikuwa wa macho ya majike. Matokeo yalichapishwa mwaka 1982 katika jarida la Nature, na tangu hapo ukifungua kitabu kikubwa cha tabia za wanyama, popote duniani, huenda ukakuta Kinangop imo. Sisi Wakenya wangapi tunajua? Nyasi hizo zenyewe zinaendelea kupungua, kwa kuwa ni mashamba ya watu na viazi vina bei kuliko kweche. Siwalaumu, nasema tu.

Huyo ana binamu yake, kweche wa Jackson, wa nyanda zetu za juu. Dume hukanyaga nyasi zikawa duara, akaacha kishungi katikati, kisha akaanza kuruka juu, chini, juu, chini. Staffan Andersson, Mswidi mwingine, alionyesha kwamba majike huwapendelea wanaoruka mara nyingi zaidi. Najua mmeshaanza kucheka na kuwafikiria morani wakiruka adumu. Lakini jamani tusichanganye mambo. Morani hufundishwa na waliomtangulia, na mtoto wa Kimaasai aliyelelewa Mombasa haamki siku moja akajikuta anaruka. Ngoma ya watu ni mila, hupokezanwa kwa kufundishana. Mkia wa kweche hupokezanwa kwa damu.

Hebu tueleze huko kupokezana, kwani ndipo penye kiini. Ronald Fisher, Mwingereza, alilichambua mwaka 1915 na tena mwaka 1930. Chukua jike anayependa mikia mirefu. Anapata watoto na dume wa mkia mrefu. Watoto wa kiume wanarithi mkia wa baba, na wa kike wanarithi jicho la mama. Kwa hiyo mkia na mapenzi ya mkia vinasafiri pamoja katika ukoo mmoja, na kila kimoja kinamsukuma mwenzake. Wenye jicho hilo wakizidi, mkia unazidi kuwa na faida, na mkia ukiwa na faida, jike anayeuchagua anapata watoto wa kiume watakaopendwa. Gari limeshuka mteremko bila breki. Litasimama wapi? Pale ambapo mkia umekuwa mrefu kiasi kwamba hasara yake, njaa, upepo, mwewe, inalingana na faida yake.

Kwa maelezo ya Fisher mkia si lazima uwe na maana yoyote, ni mtindo tu uliokolea. Wengine hawakuridhika. Amotz Zahavi wa Israeli alisema mwaka 1975 kwamba gharama yenyewe ndiyo ujumbe. Ukimwona mtu anapanda mlima na gunia la mkaa mgongoni na bado anawahi kufika, huna haja ya kumuuliza kama ana nguvu. Dume dhaifu hawezi kuubeba mzigo ule, kwa hiyo jike akitazama mzigo hadanganywi. Nao William Hamilton na Marlene Zuk, mwaka huo huo wa 1982, waliongeza kwamba huenda jike anasoma ugonjwa: dume mwenye minyoo na vimelea vya damu hawezi kung'aa, hivyo anayeng'aa huenda ana damu inayoshinda vimelea, na watoto watairithi. Wataalamu bado wanabishana ni lipi lina uzito kwa mnyama gani. Mimi naona yote mawili yanaweza kuwa kweli, kila moja na mahali pake.

Simba yuko upande wa Zahavi. Wakazi wa Kitengela simba tunawajua, maana mbuga ya Nairobi haina ua upande wa kusini, na wao hawasomi mabango. Peyton West na Craig Packer waliweka sanamu za simba dume wenye manyoya ya shingo ya aina mbalimbali kule Serengeti, Tanzania, na mwaka 2002 wakatangaza matokeo. Majike waliziendea zile zenye manyoya meusi. Madume walizikwepa hizo hizo. Manyoya meusi ni dalili ya simba aliyeshiba na mwenye homoni nyingi za kiume. Lakini meusi yanachoma jua, na simba mwenye nayo huteseka kwa joto. Huyo ndiye mfalme wetu wa mdahalo, anatokwa na jasho la bure ili apendeze.

Na udanganyifu je? Upo. Nyamera dume wa Maasai Mara, akiona jike aliye tayari anaondoka katika eneo lake, hukoroma ule mkoromo wa kuonya kwamba kuna simba mbele. Simba hayupo! Jike anasita, anabaki. Jakob Bro-Jørgensen alilieleza jambo hili mwaka 2010. Wasichana wa kidato cha tatu wanasema habari hiyo haikuwashangaza.

Sasa niwaambie kwa nini nimeyafuatilia haya yote. Mjomba wangu ana kondoo upande wa Kajiado, na sehemu kubwa ya karo yangu na nauli yangu ya kila siku hutoka kwenye zizi hilo. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 ulilifagia. Waliobaki ni wachache, na wengi wao ni wale kondoo wekundu wa Kimaasai, wenye mkia wa mafuta. Sasa anataka dume mpya, na nyumbani kuna mabishano. Mjomba anataka dume wa Dorper kutoka soko la Bissil. Babu hataki.

"Baba, wanunuzi wanataka kilo," mjomba anasema.

"Na kondoo aliyekufa ana kilo ngapi?" babu anamjibu.

Dorper ni kondoo aliyetengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 na 1940 kwa kuchanganya aina mbili. Hukua upesi na ni mnene. Tangu miaka ya 1970 amesambazwa sana kwetu, na wafugaji wengi wamemchanganya na yule mwekundu hata mwekundu halisi akawa adimu. Sasa mwekundu ana siri: anahimili minyoo ya tumbo, hasa yule mnyoo anayenyonya damu hadi fizi za kondoo zinakuwa nyeupe. Watafiti wa ILRI walifuga aina zote mbili pamoja huko Diani, pwani, katika miaka ya 1990. Wana-kondoo wekundu walikuwa na minyoo michache na walikufa wachache kuliko wa Dorper.

Ukitafakari, katika zizi la mjomba jike hachagui chochote. Madume hufungwa kipande cha ngozi chini ya tumbo ili wasipande, na siku ikifika anafunguliwa yule tunayemtaka sisi. Kazi iliyokuwa ya jicho la jike tumeichukua. Basi swali la Hamilton na Zuk linatuhusu: alama tunayoitazama inatuambia nini? Unene wa Dorper ni kweli, haukutiwa gundi. Lakini ulichaguliwa na wafugaji wa mbali kwa ajili ya nyama, na hausemi kitu kuhusu minyoo ya hapa. Unene wa kondoo mwekundu baada ya mvua kubwa husema, kwa maana ameupata akiwa na minyoo hiyo hiyo tumboni.

Nilimuuliza babu yeye humchaguaje dume.

"Mjukuu wangu, dume simtazami sana," aliniambia. "Namtazama mamake. Alipita ukame upi? Alizaa miaka mingapi mfululizo? Maziwa yalimtosha mtoto? Mtoto wa huyo nitamfungua, hata akiwa na umbo baya."

Babu hajasoma Fisher wala Zahavi, na mimi sijasema lolote mbele ya wazee. Ila mjomba naye si mjinga. Mahali pakavu pasipo na minyoo mingi, nyasi zikiwapo, mtoto wa Dorper huleta pesa mapema, na karo haingoji. Kuna wanaofuga chotara na wanaridhika. Kuna pia wanaomtafuta mwekundu halisi siku hizi na hawampati kwa urahisi, na asiyepatikana hawezi kurudishwa kwa kuchanganya, kwa kuwa huwezi kuchanganya na kitu kisichokuwepo.

Ngozi hufunguliwa mwishoni mwa mwezi wa kumi, ili wana-kondoo wazaliwe mwezi wa tatu mvua ndefu zinapoanza. Ninapoandika haya zizini kuna dume mmoja mwekundu, mwembamba kidogo, mtoto wa jike aliyezaa katikati ya ukame. Mjomba ameshapanga pesa za Dorper katika bahasha. Mwezi wa kumi haujafika.